Ukiandika ukoo wa mtumishi wa umma, anzia kwenye faili la ardhi

Hotuba za mazishini husifu tu. Kwa kiongozi wa Marekani aliyetoka katika ukoo wa walowezi, fungua kwanza karatasi za ardhi.

Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi hadi ekari 160 akiishi hapo na kulima miaka 5. Tafuta jina na jimbo kwenye tovuti ya Bureau of Land Management (idara ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma), bila malipo. Nakili namba ya hati ya umiliki, kisha agiza faili kutoka Nyaraka za Taifa za Marekani. Hati ni karatasi moja tu. Utamu umo ndani ya faili: ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa, viapo vya mashahidi wawili. Wengi hukwama kwa sababu aliyeshindwa kutimiza masharti hakupewa hati, hivyo jina lake halionekani kwenye orodha ya hati. Huyo mtafute katika madaftari ya viwanja (tract books), yaliyoorodhesha maombi ya ardhi.

Soma viapo neno kwa neno. David King Udall, aliyehamia St. Johns, Arizona, mwaka 1880 kuwa askofu wa Wamormoni (dhehebu lililoanzia Marekani), alifungwa mwaka 1885 baada ya kutiwa hatiani kwa kiapo cha uongo alichomtolea mwenzake kuhusu ardhi. Rais Cleveland akamsamehe. Mwanawe Levi akaja kuwa jaji mkuu wa Arizona. Mjukuu wa David, Stewart Udall, mwana wa Levi, akawa waziri wa ardhi ya umma na hifadhi, 1961 hadi 1969 (cheo chake kwa Kiingereza ni Secretary of the Interior, lakini msimwite Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuongoza polisi). Kifungo kile kiandikwe pamoja na vyeo hivi.

Sensa ya 1890 iliharibika vibaya katika moto wa 1921 na karibu yote imepotea, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 mtoto anaweza kuzaliwa na kufa asionekane. Ile ya 1900 inasaidia: mama aliulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai.

Upande wa kike ndio husahaulika, na ni kosa kubwa. Ella Stewart, mke wa David, alikuwa mpiga simu za telegrafu huko Pipe Spring, Arizona, tangu 1871. Mama yake waziri Stewart Udall naye alitoka katika ukoo wa John D. Lee, aliyenyongwa kwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwaka 1877 kwa mauaji ya wasafiri wapatao 120 huko Mountain Meadows, Utah. Liandikeni hilo waziwazi.

Na msiseme walowezi walikuta pori tupu. St. Johns ilikuwa na wakazi wazungumzao Kihispania kabla Wamormoni hawajafika.