Kabla hujahamia kisiwani Banda, angalia meli kwanza

Kila nikiweka picha ya Pulau Ai, yaani kisiwa cha Ai huko Indonesia, napata maswali yaleyale, dada nyumba bei gani, kazi zipo, mtu anaweza kuishi huko kwa dola ngapi kwa mwezi. Wengine wameolewa au wameoa Waindonesia kama mie, wengine wamechoka tu na foleni za Dar wanataka bahari na kimya. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mie mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye mikarafuu, na mume wangu tulikutana Makassar, mji wa Indonesia, tukiwa chuo, yeye kwao Ai, kisiwa kidogo katika visiwa vya Banda mkoa wa Maluku, mashariki mwa Indonesia. Tumeishi pale kwa wakwe miaka kadhaa, sasa hivi nyumba tunayo ila tupo zaidi Ambon, mji mkuu wa mkoa, kwa sababu ya watoto na shule. Ukitoka Jakarta unaruka saa tatu na nusu hivi mpaka Ambon, halafu ndo safari ya bahari inaanza. Saa zao ziko mbele ya kwetu kwa saa sita, kwa hiyo mama akinipigia kutoka Wete saa moja asubuhi, huku saa ya ukutani nayo inaonyesha moja kwa hesabu ya Kizungu, ila ya mchana na jua kali kichwani. Nilivyogundua hilo nilicheka peke yangu.

Haya, ushauri. Watu wote wanaouliza wanaanza na hela. Mie nasema anza na meli. Kisiwa kile si maskini wa vitu, samaki wapo, ndizi ipo, muhogo upo, kungumanga ndo kwao hasa, shida yake ni umbali, na umbali wenyewe haupimwi kwa maili, unapimwa kwa upepo. Sie wa pwani tuna kaskazi na kusi, wao wana upepo wa magharibi na wa mashariki na miezi yake inakaribiana na yetu, Desemba mpaka Februari au Machi bahari chafu, Juni mpaka Agosti chafu tena. Boti ya kasi inayotoka Tulehu, pale Ambon, inachukua kama saa sita mpaka Banda Neira, kisiwa kikuu cha Banda, lakini inatembea msimu wa bahari tulivu tu. Inayobaki ni meli kubwa ya Pelni, shirika la meli la serikali, nayo haiji kila siku, unapanga harusi, matibabu, mtihani wa mtoto, vyote kwa ratiba yake. Na kutoka Neira mpaka Ai kuna boti ya mbao, karibu saa moja kukiwa shwari, inatoka Ai asubuhi na wauza samaki na mama zetu wa sokoni, inarudi mchana watu wakishamaliza mambo yao. Ukiikosa umelala Neira. Upepo ukikaza hakuna anayetoka, nahodha ana watoto na yeye, usimlazimishe.

Sasa weka hilo kichwani ndo uje kwenye hela.

Hela kijijini inaingia kwa njia tatu tu, kungumanga, samaki na wageni wa kupiga mbizi. Wageni wanakuja zaidi Septemba mpaka Novemba na tena Machi mpaka Mei, maji yanapotulia, kwa sababu matumbawe ya Ai ni mazuri kweli, ukuta wa bahari unashuka hatua chache tu kutoka ufukweni. Ndo maana kila mgeni wazo lake la kwanza ni kufungua gesti. Jamani gesti zipo, na waliozifungua ni wenyeji wenye nyumba yao, mama anapika mwenyewe supu ya samaki ya kungumanga na biringanya kwa sosi ya kenari, njugu za miti ya huko, kijana anaendesha boti, wewe unayekuja na mkopo na tofali la kusafirisha kutoka Ambon utashindana nao kwa lipi? Halafu kuna jambo la ardhi. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya 1960 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi kwa hati kamili, na mwenyeji aliyefunga ndoa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali naye anaingia matatani na hati zake. Zamani mkataba ulitakiwa uwe kabla ya ndoa, tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016 mnaweza kuuandika hata mkishaoana. Nendeni kwa wakili mapema, wakwe wakinuna waelezeni taratibu kwamba mnalinda shamba lao wenyewe.

Kwenye kungumanga ndo mie naona matumaini, na hapa nitarefusha kidogo mnisamehe.

Kungumanga kwa karne nyingi ilikuwa inatoka visiwa hivi tu. Waholanzi wa kampuni ya biashara ya VOC wakiongozwa na Jan Pieterszoon Coen waliwaua na kuwafukuza Wabanda karibu wote 1621 kwa ajili ya zao hili, na kisiwa jirani cha Run Waingereza walikiachia Uholanzi kwenye mkataba wa Breda wa 1667, Manhattan ya New York ikabaki kwao Waingereza. Nimewahi kusikia watalii wakihadithiana hiyo habari huku mzee wa watu pembeni anapiga mahesabu ya deni lake dukani. Basi ndo ujue, umaarufu hauli mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mikungumanga inakaa kivulini chini ya mikenari mirefu, mchumaji ana mwanzi mrefu wenye kijikapu na kucha juu, wanauita gai-gai, anavuta tunda lililopasuka na kuonyesha wekundu ndani, bichi analiacha. Nyumbani tunda linapasuliwa, basibasi, ule utando mwekundu unaofunika kokwa, inabanduliwa kwa vidole taratibu isikatike kwa sababu nzima ina bei, inaanikwa kwenye mkeka inabadilika kutoka nyekundu ya damu mpaka rangi ya machungwa. Kokwa inakaushwa kwa majuma, juani au juu ya moshi, mpaka ukiitikisa sikioni unasikia mbegu inagonga ndani ya gamba. Mama mkwe haamini kitu kingine chochote, kila moja anaipitisha sikioni.

Tatizo, nyumba nyingi hazingoji. Tajiri wa Neira ameshawapa mchele na hela ya shule kwa mkopo, kwa hiyo mzigo unauzwa haujakauka vizuri kwa bei yake yeye. Na kungumanga yenye unyevu inashika ukungu, ukungu unaleta sumu ya aflatoksini, na Ulaya wanaikagua kungumanga ya Indonesia kwa ukali kwa sababu hiyohiyo. Yaani mtu anapoteza mara mbili. Kwa hiyo ukiwa na akiba kidogo na unataka kuishi kule, usijenge gesti, jenga kichanja cha kukaushia chenye paa na uwe na mtaji wa kusubiri, nunua kwa majirani kwa bei ya haki, uza Ambon au Surabaya kule Java. Sie ndivyo tunavyofanya, si utajiri ila tunakula. Nyama ya tunda ambayo wengi wanaitupa, wifi zangu wanaifanya peremende na jemu, mgeni hakosi kununua. Na kama unafikiria kupanda miti mipya, kumbuka inataka kama miaka saba ndo izae, na midume haizai kabisa.

Mengine kwa haraka. Maji Ai hakuna chemchemi, ni ya mvua, kila nyumba ina tangi na utajifunza kuoga kwa kopo moja. Umeme enzi zetu ulikuwa wa jenereta, jioni mpaka usiku, sasa mambo yanabadilika, na tangu intaneti ya setilaiti ya Starlink iingie Indonesia 2024 vijana wana maongezi mengine kabisa. Hela za serikali za vijiji zinakuja moja kwa moja tangu 2015, utaona njia za zege na matangi mapya, lakini kazi ya mshahara kijijini ni ualimu, afya na ofisi ya kijiji, basi, na wewe mgeni huajiriwi hapo.

Watoto wanasoma msingi palepale, wakikua wanakwenda Neira, huko kuna mpaka chuo cha uvuvi kilichoanza kwa jina la Hatta na Sjahrir, wale wapigania uhuru waliohamishiwa Banda na Waholanzi 1936. Baada ya hapo wengi wanaondoka. Usiwalaumu, na usimzuie wa kwako.

Ujauzito nao usiubahatishe. Zahanati ipo, wakunga wazuri wapo, ila likitokea la upasuaji na bahari imechafuka utafanyaje? Mie niliondoka mapema nikakaa Ambon kwa shemeji yangu mpaka nikajifungua, mama mkwe alinuna wiki nzima halafu akanifuata na meli iliyofuata, kabeba kuku wawili hai.

Kwa waliokwisha kata shauri, nendeni kwanza mwezi wa Julai, si Oktoba. Oktoba kila mtu anaipenda Banda. Bebeni hela taslimu kwa sababu benki iko Neira, na kateni tiketi za ndege za kurudi zinazobadilishika, maana hiyo tarehe mliyoandika itapangwa na upepo na meli.