Mbuzi ya nazi inayotoa unga: usiipake mafuta

Mleta uzi, umeuliza kama mbuzi ya kukunia nazi uliyoachiwa na bibi, inayomwaga unga mguuni, uipake mafuta ya taa au vanishi. Nakuomba sana, usipake chochote. Nina miaka tisa kwenye stoo ya makumbusho moja ndogo huku pwani. Nilipoanza nilikuta kasha la nakshi lililopakwa mafuta ya kitani. Mafuta hayakufika ndani ya vitundu, bungua, yule mdudu anayetoboa mbao na kumwaga huo unga, akaendelea kutafuna, na juu vumbi likagandamana hadi maua ya nakshi yakafutika. Tulilisafisha kwa vijiti vya pamba mwezi mzima, na rangi yake haikurudi.

Kwanza jua kama mdudu bado yumo. Pangusa unga wote kwa brashi laini, iweke mbuzi juu ya karatasi nyeusi, usiiguse wiki tatu, maana hata unga wa zamani humwagika chombo kikitikiswa. Ukikuta vichuguu vipya vya unga, na kingo za vitundu ni nyeupe kama mbao iliyokatwa leo, basi yumo.

Dawa yake ni friza. Izungushie nailoni, toa hewa, ziba kwa selotepu, iache wiki mbili kwenye nyuzi -18. Sisi tuna friza ya -30, siku tatu zinatosha. Ukiitoa, usifungue kabla ya saa 24. Hewa yetu imejaa maji, ikigusa kitu cha baridi inakuwa umande. Heri umande utue kwenye nailoni kuliko kwenye mbao na kile chuma. Ila ngoma iliyowambwa ngozi, au kitu chenye pembe ya ndovu, usikitie humo, kitapasuka.

Baadaye iweke juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuta maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, ukungu huanza, na masika tunapita hapo kila siku.

Msasa pia usiguse. Ule ulaini pale alipokuwa akikalia bibi ndio wenyewe.

Halafu funga kikaratasi kwa uzi wa pamba, uandike kwa penseli jina la bibi, kijiji chake, na mwaka ulioipokea. Stoo yetu ina mbuzi saba. Sita hatujui zilikuwa za nani.