Kwa nini moto wa chini ya ardhi unazimika kwenye kompyuta?

SWALI: Ninatengeneza modeli ya uchimbaji wa mafuta mazito kwa kuyachoma ndani ya mwamba wake. Nilianza na jaribio la bomba la kuchomea la maabara, seli (vipande ambavyo kompyuta hugawia mwamba) za sentimita 1, na modeli ikalingana vizuri na vipimo vya joto na gesi. Nilipohamisha mimenyuko ileile kwenye modeli ya eneo la visima, seli za mita 10, moto haushiki na oksijeni inapita hadi kisima cha uzalishaji. Mwenzangu ananishauri nipunguze nishati ya kuamsha mmenyuko (kizingiti cha nishati ambacho lazima uvuke ili uanze) mpaka uwake. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiiguse nishati hiyo kwanza. Tatizo lako liko kwenye ukubwa wa seli.

Ukanda unaoungua ni mwembamba sana ukilinganisha na seli yako. Tuseme ukanda wa sentimita 10 wenye nyuzi 500 za Selsiasi umeingia kwenye seli ya mita 10 yenye nyuzi 50. Kompyuta huipa seli nzima joto moja, yaani wastani wake: nyuzi 54.5. Sasa chukua kikokotoo, utumie mlinganyo wa Arrhenius, unaoonyesha jinsi kasi ya mmenyuko inavyobadilika na joto, na nishati ya kuamsha ya kilojuli 100 kwa moli. Kasi ya mmenyuko kwenye nyuzi 54.5 ni ndogo kuliko ile ya nyuzi 500 kwa zaidi ya mara bilioni moja. Kompyuta inakokotoa sawasawa kabisa, ila kwa joto ambalo halipo popote kwenye mwamba ule.

Ukipunguza nishati, moto utawaka, nakubali. Lakini modeli itaanza kula oksijeni hata mahali palipo na joto dogo, na haitaweza tena kukuonyesha ni lini moto halisi unakufa kwa kukosa hewa au kwa joto kupotelea kwenye miamba ya juu na chini. Kwangu mimi hilo ndilo swali lenye thamani kuliko yote, kwa sababu kuwasha upya moto uliozimika chini ya ardhi ni kazi ngumu. Tena makaa, ambayo ndiyo kuni za moto huu, hutokana na mafuta kupikwa mbele ya ukanda unaoungua. Wastani wa joto unavuruga kiasi chake pia.

Moto ukishapamba, mwendo wake hutawaliwa na oksijeni inayoufikia kuliko kemia yenyewe. Kwa hiyo kwenye seli kubwa acha Arrhenius. Chukua kutoka kwenye bomba kiasi cha makaa na hewa inayohitajika kuyachoma, kisha iagize seli iliyokwisha kuwashwa itumie oksijeni yote inayoingia, kwa uwiano huo, mpaka makaa yaishe. Jipime kwa mkono: makaa kilo 25 kwa mita ya ujazo ya mwamba, hewa takriban mita za ujazo 11.5 kwa kilo, ni kama mita za ujazo 290 za hewa kwa kila mita ya ujazo ya mwamba. Ukipitisha mita za ujazo 20 kwa siku kwenye kila mita ya mraba, moto utasogea karibu sentimita 7 kwa siku. Modeli ikikupa nusu mita, kuna kosa.

Kuzimika kwa moto kutafute kwenye modeli ndogo ya pembeni. Humo, kata kipande chembamba cha mwamba, ukipe seli ndogo au gridi inayojigawanya kuufuata moto, na mimenyuko yako ya maabara bila kuibadilisha. Punguza hewa hatua kwa hatua mpaka moto ufe. Mtiririko huo wa chini kabisa uingize kwenye modeli kubwa kama sharti. Angalia pia mpangilio wa visima: hewa ya kisima kimoja hutawanyika kadiri duara la moto linavyopanuka, kwa hiyo mtiririko unashuka hata kama pampu haijabadilika. Kwenye mstari wa visima, kama ule wa Suplacu de Barcău nchini Romania, ambako uchomaji ulianza 1964, upungufu huo ni mdogo zaidi.

Mwisho, kagua gesi zinazotoka. Kokotoa uwiano wa hidrojeni kwa kaboni wa kile kilichoungua kutokana na oksijeni, kaboni dioksidi na kaboni monoksidi. Ukipita 3, shuku kwamba mafuta yanaoksidika kwa joto dogo badala ya kuungua, hata kama ramani yako ya joto inapendeza.