Chatu ni wa kijiji lakini mbuzi alikuwa wangu

Wiki hii mmeuliza kama mila za kwetu bado zinasaidia wanyama pori wasimalizwe na wakulima. Mimi ni mtu wa Nyakach, Kisumu, kwa hivyo hapa kwangu hilo swali ni la chatu kwanza, hao wengine baadaye.

Kwetu, kwa Kijaluo, chatu ni ng'ielo, lakini akishakuja karibu na boma watu wanamwita Omieri na huyo haguswi, maana inaaminika amekuja na mvua na mavuno. Walio na umri wangu wanakumbuka ile ya 1987, chatu aliungua moto wa nyasi hapo Nyakach, akapelekwa Nairobi kutibiwa na akafia huko, na wazee wakanung'unika sana wakisema sasa mvua itatukataa. 2003 akatokea mwingine upande wa Kisumu, mabishano yakaanza tena, wengine wanataka aondolewe wengine wanasema asiguswe.

Sasa mimi nikifikiria naona mambo yamegeuzwa kidogo. Mvua ikinyesha sana mto Nyando unafurika, mashimo yanajaa maji, chatu anapanda kutafuta pakavu, na pakavu penyewe ndio kwetu. Kwa hivyo si yeye anayeleta mvua, ni mvua inayomleta yeye! Lakini ukimwambia nyanya yangu hivyo atakuuliza tofauti iko wapi, mvua si imekuja?

Mafuriko ya 2020 mmoja alijikunja chini ya mkonge nyuma ya choo chetu, mnene kama paja langu, ngozi bado ina matope yamekaukia. Vijana wakafika na mapanga, na kijana wa ndugu yangu akaniuliza, "Anko, tummalize?" Kabla sijajibu mama mmoja jirani, mzee kabisa, akapita katikati yao ameshika kuku miguu kichwa chini, akamtupia chatu, akasimama hapo mikono kiunoni akiwaangalia vijana mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hakusema neno. Hakuna askari wa wanyama pori aliyekuwa karibu, na hata angekuwepo barabara ilikuwa imekatika.

Hiyo ndiyo nguvu ya mwiko, hauhitaji barua wala gari, unahitaji tu mtu mmoja unayemwogopa kuliko unavyomwogopa nyoka.

Shida ni kwamba siku ya nne mbuzi wangu jike alipotea na chatu akawa na tumbo limevimba katikati. Nani alinilipa? Hakuna. Zamani nasikia kila boma lilikuwa linatoa kuku kwa zamu ili Omieri asihangaikie mifugo, yaani hasara ilikuwa inagawanywa, sasa hivi wanaotoa ni akina mama wawili watatu, wengine wanakuja na simu kupiga picha tu. Na kanisani tunaambiwa ni shetani. Hao vijana wa mapanga wakizeeka sijui nani atasimama na kuku.

Kingine, mwiko unachagua. Sungura na kanga hawakuwa na mwiko wowote kwetu, wakaliwa, na siku hizi kuwaona ni bahati. Ila upande wa mke wangu, Shinyalu huko Kakamega, mwiko uko kwa mti, mukumu, aina ya mtini wa porini, haukatwi ovyo kwa sababu wazee walikuwa wanakaa chini yake kuamua kesi, na huo mmoja katikati ya mahindi ukizaa tunda unavuta hondohondo na hata yule ndege mkubwa wa bluu mwenye kishungi kutoka msitu wa Kakamega, wanakula asubuhi kelele tupu. Mti hauli mbuzi wa mtu, labda ndio maana huko hakuna anayelalamika.

Chatu wetu aliondoka maji yalipopungua, usiku, hakuna aliyemwona. Kijana wa ndugu yangu mpaka leo ananiuliza kwa nini nilinyamaza, na mimi namwambia akamuulize yule mama mwenye kuku.