Chemchemi katika Majina na Visasili vya Wagiriki wa Kale

Swali: Je, ni kweli kwamba Filipi, mji ambao Paulo aliwaandikia waumini wake waraka, uliwahi kuitwa kwa jina la chemchemi?

Jibu: Ni kweli. Uliitwa Krenides, jina litokanalo na neno krene, yaani chemchemi, mpaka mwaka 356 KK, Philip wa Pili wa Makedonia alipoutwaa na kuupa jina lake. Nafurahi kwamba jina la kale halikupotea, kwani makazi yaliyo jirani na magofu yake yanaitwa Krinides hadi leo.

Swali: Thermopylae maana yake nini?

Jibu: Ni "Milango ya Moto": mahali palipokuwa na njia nyembamba kati ya mlima na bahari, palipopiganwa vita vya mwaka 480 KK kati ya Wagiriki na Waajemi, penye maji ya moto yanukayo kiberiti. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaeleza kuwa wenyeji waliyaita mabirika ya kuogea ya hapo "Vyungu".

Swali: Wagiriki waliwezaje kuamini kwamba mto hupita chini ya bahari?

Jibu: Bila shaka unakusudia kisa cha Arethusa, roho wa kike wa maji, aliyekimbizwa na mungu wa mto Alpheios wa Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, akageuzwa maji na mungu wa kike Artemis, akapita chini ya bahari na kuibukia Ortygia katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambako chemchemi yake, iliyoota mafunjo, ingali hatua chache tu kutoka baharini. Maji hayo ni ya ardhi ya Sicily yenyewe, lakini wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Sehemu kubwa ya Ugiriki ni miamba ya chokaa, ambayo maji huila polepole hadi ikawa na mashimo na mapango, mito ikazama na kutokea mbali. Herodotus anataja imani kwamba maji ya ziwa Stymphalos hudidimia shimoni, kisha hutokea Argos yakiwa mto Erasinos. Mtu aliyekulia katika nchi ya namna hiyo hakuona ajabu mto kuvuka bahari kwa chini.

Swali: Enneakrounos ya Athens ilikuwa nini?

Jibu: Ni chemchemi iliyoitwa kwanza Kallirrhoe, "mtiririko mzuri", kisha "Midomo Tisa" baada ya watawala wa kiimla kuijengea. Thucydides, mwanahistoria wa Athens, anasema kwamba katika zama zake maji yake yalikuwa bado yakitumiwa kabla ya harusi. Maji ya kumwogeshea bibi harusi yalibebwa katika mtungi mrefu mwembamba, na aliyefariki kabla ya kuoa au kuolewa aliwekewa mtungi wa namna hiyo kaburini.