Nilipe ili h-indeksi yangu ipande?

SWALI: Mimi ni mhadhiri hapa Mombasa na utafiti wangu ni wa mikoko. Google Scholar inaonyesha h-indeksi yangu ni 4, Scopus inasema 2. Mwaka huu naomba kupandishwa cheo. Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anayesema nikimlipa ataifikisha 10 kwa miezi mitatu. Ni salama? Na namba ipi ndiyo ya kweli?
– Mhadhiri, Tudor

JIBU: Zote mbili ni za kweli. H-indeksi ni namba kubwa kabisa ambayo unazo makala za idadi hiyo, kila moja ikiwa imerejelewa na makala nyingine angalau mara hiyo; inategemea nani anahesabu. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, huhesabu majarida iliyoyachuja yenyewe; Google Scholar huokota chochote chenye sura ya kitaaluma, tasnifu na ripoti zikiwemo. Andika zote mbili kwenye fomu, utaje chanzo na tarehe uliyoangalia. Ila hiyo 2 naishuku. Huku kwetu Mohamed wa makala moja ni Muhammad wa nyingine, na Said akawa Saeed, basi Scopus humfanya mtu mmoja kuwa watu wawili. Tafuta jina lako kwa kila tahajia, uombe wasifu uunganishwe, kisha ujisajili ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti hata jina likiandikwa vingine. Haya yote ni bure.

Sasa huyo wa WhatsApp. Mimi ni mkutubi wa utafiti, na haupiti mwezi sijaletewa habari za mtu kama yeye. Wateja wake wanadhani h-indeksi ni kama salio la simu: ukilipa, linapanda, na likipanda umekuwa msomi mkubwa zaidi.

Hebu tuihesabu. Chukua mtu mwenye makala sita zilizorejelewa mara 31, 12, 5, 4, 2 na 0. Makala nne zina marejeleo 4 au zaidi kila moja, kwa hiyo h yake ni 4. Kufika 5 anahitaji rejeleo moja kwa makala ya nne na matatu kwa ya tano. Manne tu! Na ile ya 31, hata ikirejelewa mara 3,000, h haibanduki. Jorge Hirsch, aliyeibuni mwaka 2005, ni mwanafizikia na aliwafikiria wanafizikia wenzake. Ukimpima kwayo mtu wa mikoko dhidi ya mtafiti wa malaria, ni kama kupima jahazi na feri ya Likoni kwa idadi ya abiria.

Kwa kuwa yanayohitajika ni machache, matapeli wamepata soko. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtaalamu wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa, alimzua mtafiti asiyekuwepo, akamwita Ike Antkare. Alitengeneza kwa programu makala zipatazo mia za upuuzi mtupu, zikarejeleana, na Google Scholar ikampa h-indeksi ya 94. Labbé alitaka kuonyesha udhaifu. Hawa wa leo wanauza, tena wanauza hata nafasi ya jina kwenye makala usiyoijua: mwandishi wa kwanza bei yake, wa tatu bei yake.

Wasichowaambia wateja ni kwamba haya yanaonekana. Chora kila mtafiti kama nukta na kila makala ya pamoja kama mstari. Mtafiti wa kweli wa mikoko ana mistari inayokwenda kwa msimamizi wake wa zamani, kwa wanafunzi wake, kwa wenzake wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kule Mkomani, pengine mmoja Zanzibar, na imeongezeka mwaka hadi mwaka. Ukichora na marejeleo, ya kununua hujikusanya fundo moja: watu wanarejeleana wao kwa wao, fani haziingiliani, na yote yameingia kwa mkupuo.

Niliwahi kufungua wasifu wa msomi mmoja wa ushairi. Marejeleo arobaini ndani ya mwezi mmoja, yote kutoka jarida moja la uhandisi wa barabara. Sikuhitaji programu yoyote, niliteremsha ukurasa tu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na tenzi alizozikusanya Lamu kwa miaka, kazi nzuri kabisa ambayo ingemtetea yenyewe. Kamati nayo iliteremsha ukurasa uleule, ikamwuliza wajenzi wa barabara wanazifanyia nini tenzi zake.