Tangu Niache Kutafuta Ribiti Sakafuni

Ijumaa iliyopita, saa kumi na nusu jioni, mikoba 40 ya ngozi ilitoka katika karakana yangu ya Kariobangi Light Industries, Nairobi, ikiwa kwenye maboksi, na mteja alikuwa ameniambia nimkabidhi Jumatatu. Nilikaa kwenye stuli nikaitazama meza. Kila kisu kilikuwa mahali pake, kila panchi ya kutobolea ngozi mahali pake. Kopo la ribiti za milimita 8, vile vipini vya chuma vya kuunganisha ngozi, lilikuwa limebaki na ribiti 11, na nilijua ni 11 kabla ya kulifungua. Najivunia siku hiyo, wala sitaki kuficha.

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja: "Dada, nina chumba cha futi 10 kwa 10, natengeneza mishipi na pochi. Vifaa vyangu viko kwenye ndoo tatu na kila siku napoteza saa nzima nikitafuta. Nianzie wapi?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Ndoo tatu hizo nazijua. Nami nilikuwa nazo, na zilinigharimu.

Mwaka 2019 nilipata oda ya majalada 60 ya menyu kwa hoteli moja hapa mjini. Hakuna oda niliyoitaka kama ile. Nilinunua ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti ya miwati, ile yenye rangi ya mkate, ambayo haijapakwa chochote. Ngozi ya namna hiyo ukitaka kuigonga nembo huna budi kuilowesha kidogo kwa sponji ndipo ishike alama. Nikalowesha vipande vyote, nikagonga nembo hadi saa nne usiku, nikavilaza mezani vikauke, nikafunga mlango nikaenda kulala.

Meza hiyohiyo ndiyo niliyonolea visu mchana kwa tupa. Ndoo ya bizimu ilikuwa hapohapo, na kopo la misumari lililoshika kutu lilikuwa hapohapo pia.

Asubuhi vipande 23 vilikuwa na vidoa vyeusi. Vingine vidogo kama chembe za pilipili manga, kimoja kikubwa kama kifungo cha shati. Nilidhani ni uchafu, nikafuta kwa kitambaa. Havikutoka. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba magome yale huacha tanini ndani ya ngozi, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu inageuka nyeusi. Ni wino kabisa: watu wa zamani walichanganya tanini na chuma hivyohivyo wakaandikia vitabu. Unga wa tupa niliouacha mezani ulikuwa umeandika juu ya kazi yangu usiku kucha. Nilijaribu maji ya ndimu. Madoa yakafifia, yakaacha miduara iliyopauka.

Nilipeleka hivyo hivyo, nikitumaini. Aliyenipokea alipitisha kidole juu ya doa, akanirudishia jalada, akasema mbele ya askari wa mlangoni, "Hii ni chafu, mama." Nikarudisha amana yote. Mpaka leo matatu ikipita mbele ya lango lile nageuza uso upande wa pili.

Miezi michache baadaye yakanikuta mengine. Ribiti zangu zote zilikuwa ndani ya kopo moja la mafuta ya Kimbo: za mguu wa milimita 6, 8 na 10, zimechanganyika. Ukiwa na haraka unachota tu. Ribiti yenye mguu mrefu kupita kiasi inapinda ukiigonga, na yenye mguu mfupi inashika kwa ncha tu, leo imeshika, kesho imechomoka. Wateja wawili walinirudishia mikoba kamba zikiwa zimeachia. Siku hizi napima unene wa tabaka zote za ngozi kwa pamoja, kisha nachukua ribiti ambayo mguu wake unazidi unene huo kwa milimita 2 au 3. Kopo lenye mchanganyiko haliwezi kukupa hiyo, hata ukiwa fundi hodari kiasi gani.

Sasa nikumbuke mzee aliyenifunza kazi katika soko la Kariokor. Hakuwa na meza. Alikuwa na gunia. Alifika asubuhi, akalikunjua chini, akatoa vifaa vyake kimoja kimoja, naye alikuwa akituambia kwamba soko lile limepata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na kwamba mpagazi anayepekua mzigo njiani huachwa nyuma. Sisi vijana tulikuwa tukicheka gunia lile. Nilipotoka kwake niliapa kwamba mimi nitakuwa na karakana ya kisasa yenye rafu.

Nikazipata rafu. Nikazijaza fujo.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nikikitazama. Mzee alitoa vifaa kwa mpangilio uleule kila siku: rula na kisu kushoto, bikari, kisha panchi na nyundo ya mbao, kisha msharasi wa kutobolea matundu ya kushonea, uzi na nta, mwisho ribiti upande wa kulia. Ngozi ilianzia kushoto kwake ikaishia kulia ikiwa ndara. Mkono wake haukuhitaji macho. Alisharudi kwao Murang'a kabla sijamwambia kwamba nimeelewa.

Basi ndugu yangu mwenye ndoo tatu, anzia hapo. Usianze kwa kununua rafu. Chukua karatasi, tengeneza mshipi mmoja, na kila unapoinuka kutafuta kitu piga mstari. Mimi nilipiga mistari 31 kwa mshipi mmoja wenye bizimu moja na ribiti nne! Siku ile niliona aibu, na siku ile ndipo karakana yangu ilipoanza.

Nilipanga vifaa kwa hatua za kazi. Penye dirisha ni pa kukata: kisu, rula ya chuma, bikari, ubao wa kukatia. Panapofuata ni pa kutoboa, ambapo nina gogo la mti na juu yake kipande cha graniti nilichopewa na wachonga mawe ya makaburi. Ukigongea juu ya kitu kizito hivyo, panchi inaingia kwa pigo moja. Weka mpira au ubao wa plastiki katikati ya jiwe na ngozi, la sivyo utaua makali ya panchi siku ya kwanza. Kisha pa kushona. Kisha pa ribiti na bizimu, karibu na mlango. Vifaa vinavyotumika hatua mbili, kama nyundo ya mbao, nilinunua viwili. Watu wananiambia ni gharama. Gharama ni kutembea.

Ukutani nimepigilia ubao, na kila kifaa nimekichorea umbo lake kwa rangi nyeupe. Visu na bikari vinashikwa na sumaku za spika mbovu, nilizozipata barabara ya Luthuli kwa bei ya kutupa. Panchi zinasimama ndani ya gogo dogo nililolitoboa matundu, kuanzia ndogo hadi kubwa, ncha zikiwa chini.

Lakini kilichobadilisha maisha yangu ni vyuma vidogo, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Wengi wetu tunapanga kwa aina: bizimu zote huku, pete zenye umbo la D zote kule, kulabu zote kule. Inapendeza kwa macho, ila kwa kazi haifai. Hakuna mtu anayetengeneza "bizimu". Unatengeneza mkanda wa upana fulani. Mimi napanga kwa upana wa mkanda: droo ya milimita 20, ya 25, ya 32, ya 38. Ukivuta droo ya 25 utakuta bizimu za 25, pete za D za 25, kulabu za 25, na kipande cha ngozi cha upana huohuo. Mkoba ukihitaji kamba ya 25, navuta droo moja tu, naiweka mezani, basi. Mshipi wa suruali ya jinzi ni 38, navuta ya 38. Siku hizi sijui tena kukosea, kwa sababu kitu kisichofaa hakimo mbele yangu.

Ribiti nazo ziko kwa urefu wa mguu, kwenye mitungi ya plastiki inayoonyesha ndani, ile ya siagi ya karanga. Nje ya kila mtungi nimegongelea ribiti moja kwenye vipande vya ngozi vya unene inaoufaa. Kijana wangu mpya hahitaji kuniuliza. Anashika kazi yake, anashika kile kipande, analinganisha.

Nilikwenda Kamukunji kuagiza droo za mabati, na mafundi wa pale wangenitengenezea droo za kudumu miaka na miaka. Nikakumbuka yale majalada 60. Nikaagiza za mbao. Penye ngozi ya magome sitaki chuma tupu, wala tupa, wala jiwe la kunolea. Kunoa tunanoa nje, kwenye benchi jingine, na mikono inanawiwa kabla ya kurudi. Hata shaba ya manjano, ikikaa imeigusa ngozi yenye mafuta mengi, huota kutu ya kijani, kwa hiyo bizimu haziviringishwi ndani ya ngozi kungoja kazi.

Ngozi zenyewe naziviringisha upande mzuri ukiwa nje, kwenye mabomba ya karatasi, juu ya mbao. Zisikae sakafuni: saruji inapandisha unyevu, na mvua za Machi hadi Mei zikija utaona ukungu mweupe kabla hujamaliza wiki. Zifunikwe kwa shuka la pamba, si nailoni. Gundi na tina ya kuyeyushia gundi vina sanduku lao mbali na kila kitu, vifuniko vimekazwa, na hakuna mshumaa stima zikipotea. Tumeliona soko la Gikomba likiungua mara ngapi?

Vijana wangu wawili wanajua sheria ya jioni: saa kumi na mbili hakuna anayetoka kabla umbo la mwisho ukutani halijafunikwa. Mara moja tulikaa hadi saa mbili kasoro tukitafuta panchi ya milimita 3. Walinuna. Ilipatikana ndani ya pindo la aproni. Hawajapoteza kitu tena, na mmoja wao amechora maumbo hayohayo ukutani kwao Dandora.

Sote tunataka kazi zetu zivuke mipaka, zinunuliwe Ujerumani na Marekani, na mimi nataka hivyo zaidi yenu. Basi msiniambie hamna nafasi. Mzee alikuwa na gunia. Msiniambie hamna pesa. Mitungi ya siagi ya karanga inatupwa kila siku katika mtaa wako. Mnatumia shilingi elfu nyingi kwa panchi mpya kwa sababu ile ya zamani "imepotea", nayo imelala chini ya ndoo ya pili.

Jumamosi hii usifungue kazi asubuhi. Tandika leso sakafuni, mwaga ndoo moja tu, ya kwanza. Chukua rula, pima bizimu zote kwa ndani, si kwa nje, kwa maana mkanda unapita ndani. Ya pili na ya tatu ziache mpaka hiyo iishe. Kisha niandikie ulikuta nini chini kabisa. Mimi nilikuta msharasi wa mzee, wenye mpini wa mzeituni, aliokuwa amenipa siku niliyomaliza kujifunza.